Tega Ndoo, Acha Uvivu

Ofisi ya Maji, chumba cha nyuma
4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mstari huu wa kwanza nimeuandika na kuuchana mara nyingi, mpaka kikapu cha taka kimeanza kunitazama. Natumaini lori la chakula litakufikishia barua hii, na kwamba huko bondeni bado mnaruhusiwa kalamu, maana Baba anasema mmenyang'anywa kila kitu chenye betri.

Nimepata kazi. Ndiyo, kwenye ofisi yako ya zamani, na kiti ni kilekile chenye mguu unaocheza. Nimeajiriwa kuwa karani wa kumbukumbu, kwa muda wa majaribio. Lakini siku ya pili tu Mkuu alinikalisha mbele ya kompyuta yako akasema, "Wewe umesoma. Huu mtambo wa kuwaarifu watu zamu zao za maji aliutengeneza shangazi yako, kwa hiyo umo kwenye damu." Nilitaka kumwambia kwamba damu yangu haijui lolote. Nikasema, "Sawa, Mkuu."

Basi nimekutana na lile dirisha jeusi. Halina picha wala kitufe, ni kijimstari tu kinachopepesa kikinisubiri niseme. Ukiandika amri na kubonyeza, kuna jambo linatokea mahali usipopaona. Kwenye karatasi uliyoibandika ukutani umeandika kwamba chombo hiki unakiita Mkono, na kwamba kinaelewa maneno haya: orodhesha, ita, soma, pandisha, ondoa. Chini yake umeandika, "Usiogope." Ulimwandikia nani, Shangazi?

Jana nilijipa moyo nikaandika *mkono orodhesha*. Yakatoka majina ya programu tano, halafu yakatoka yaleyale tena. Kundi la kwanza limeandikwa "majaribio", la pili "halisi". Nikazima skrini nikaenda kunywa maji.

Nina maswali matatu. La kwanza: Mkuu anasema ofisi haina seva hata moja. Sasa hizi programu zinaishi wapi? Usicheke, nilichungulia chini ya meza. La pili: nitajuaje kama programu imefanya kazi yake au imelala? La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, na Mkuu ameagiza kwamba kila kilichoandikwa majaribio kiondolewe kabla hawajafika. Je, niondoe? Anasema hapo ndipo atakapojua kama mimi ni wa kubaki au wa kurudi nyumbani.

Ningeweza kuwauliza wenzangu, ila naogopa waseme msomi gani huyu. Mimi mwenyewe ujumbe wa maji sijawahi kuupata, kwa sababu chumba nilichopanga kinatumia tangi la mwenye nyumba.

Baba ni mzima. Nilimwomba aongeze mistari miwili hapa chini. Amesema yeye si mtu wa barua.

Mwanao mwenye hofu,
Komeo

---

Bondeni
10 Mei

Komeo wangu,

Marahaba. Nilipoona umesaini kwa jina hilo nilicheka peke yangu jikoni mpaka mpishi akadhani nimepata habari mbaya. Kumbe bado ni wewe yuleyule aliyekuwa akishuka kitandani kwenda kuhakikisha komeo la mlango, anarudi, analala, anashuka tena.

Ngoja nikueleze nilipo, ndipo nikujibu. Hapa pana sahani kubwa ya chuma, kubwa kuliko uwanja wenu wa mpira, imeelekezwa mbinguni ikisikiliza. Inachosikiliza ni sauti hafifu sana zinazotoka kwenye nyota, hafifu kiasi kwamba simu moja ya mkononi ikiwashwa karibu ni sawa na mtu kupiga tarumbeta sikioni mwako. Ndiyo maana hatuna simu, hatuna intaneti, na barua zinakwenda na lori linaloleta unga na vitunguu. Kazi yangu ni kutafuta kelele. Natembea na antena mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, nikiuliza kila kichaka, "Ni wewe?" Wiki iliyopita mwizi wetu alikuwa ufunguo wa gari wa mgeni mmoja, ule wa kubonyeza. Ulikuwa mfukoni unajisemea wenyewe.

Hapa ukimya ndio afya, mwanangu. Mitambo ikikaa kimya tunajua mambo ni safi. Ikipiga kelele, ni takataka, nasi tunaitoa.

Sasa maswali yako. Programu zinaishi wapi? Haziishi. Mfikirie mkunga anayehudumia majumbani. Hakai chumbani kwako akikusubiri mwaka mzima huku unamlisha. Ukimwita anakuja, ananawa, anafanya kazi yake, anafunga mkoba, anaondoka. Ukiita tena, pengine atakuja mwingine mwenye mkoba uleule. Programu zetu ndivyo zilivyo. Mashine zipo, tena nyingi, ila si zetu. Ni za kampuni iliyo mbali, nayo inazitoa pale tu tunapoita. Kwa hiyo acha kuchungulia chini ya meza.

Utajuaje kama imefanya kazi? Kwa *mkono soma*. Kila inapoamka, programu huandika ilichokiona na ilichokifanya. Soma kila siku, hata usipoelewa. Macho yatazoea.

Hata hivyo kumbuka kwamba mkunga haachi kitu chumbani. Kinachokaa ni jedwali la namba za simu, na hilo limehifadhiwa peke yake.

Mengine tutazungumza, dereva ananipigia kelele. Mwambie kaka yangu sijamuona hata kwa nukta moja ya wino tangu nije huku. Kama bado amenuna kwa sababu niliondoka, mwambie nimezoea.

Shangazi yako

---

Ofisi ya Maji
17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mkunga wako amenitoa gizani. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikiwahi ofisini ili nisome kabla wengine hawajaja, na sitaki kukuficha, nimeanza kupenda. Ni kama kusikiliza nyumba ya jirani kupitia ukutani.

Nimesoma makundi yote mawili, nami nimegundua tofauti ambayo nadhani itakufurahisha. Halisi imetulia. Kila asubuhi inaamka, inaandika "Nimeamka. Hakuna kosa. Nalala," basi. Ina adabu kama mgeni wa heshima. Hata maneno ya ujumbe wake ni ya kiofisi: "Mteja wetu mpendwa, unaarifiwa kuwa huduma ya maji itapatikana katika eneo lako."

Majaribio, Shangazi, ni soko. Inaamka kila saa, inalalamika kwamba namba hii haipatikani, inajaribu tena, inakosea, inarudia. Na maneno ya ujumbe wake nina hakika uliyaandika siku uliyokuwa ukijichekesha: "Ndugu, maji yanakuja mtaa wenu leo mchana. Tega ndoo, acha uvivu." Nilitazama mlangoni nisije nikakutwa nacheka.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Inaandika pia majibu ambayo haikuyaelewa. Nakunukulia machache uone jinsi ulivyojaza uchafu wa kujaribia:

"Jibu halieleweki: Asante dada. Umekula?"

"Jibu halieleweki: Nimetega dada. Huko baridi?"

"Jibu halieleweki: Ndoo moja imetoboka. Ile ya bluu uliyoniachia."

Nani ataiuliza mashine kama imekula? Nikakumbuka ulivyoandika, kwamba kimya ni afya na kelele ni takataka ya kutolewa. Sasa naona wazi ipi ni ipi.

Hata hivyo nilimuuliza Mkuu kwa mara ya mwisho. Yeye anaishi kwenye nyumba ya serikali yenye kisima chake. Akanitazama juu ya miwani. "Kimeandikwaje?"

"Kimeandikwa majaribio, Mkuu."

"Basi ni nini?"

"Ni majaribio, Mkuu."

"Sasa unaniuliza nini?"

Wewe nawe swali langu la tatu hukulijibu. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mwishowe nimekichukua kimya chako kuwa ruhusa, kwa sababu sijawahi kukuona ukinyamaza mbele ya jambo baya. Nitaondoa Alhamisi ijayo. Amri yenyewe nimeiandika kwenye karatasi kwanza, nimeikagua, nimeikagua tena. Nimeandika neno *majaribio* kwa herufi kubwa nisije nikagusa halisi kwa bahati mbaya. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Mwanao,
Komeo

---

Bondeni
24 Mei

Komeo,

Usiondoe.

Lori lilivunjika ekseli, barua yako imenifikia leo jioni hii pamoja na vitunguu vilivyooza. Leo ni Ijumaa. Nimesoma neno Alhamisi nikakaa chini kwenye ngazi.

Majaribio ndiyo inayofanya kazi. Halisi ni kabati tupu. Tulipokuwa tunajiandaa kuanza, maneno ya halisi yalipelekwa kwa Mkuu aliyekuwepo ili ayasaini. Wakati yanasubiri saini, bomba kubwa likapasuka, na mji ulihitaji kuambiwa siku ileile. Nikatia namba zote kwenye majaribio, nikatuma kwa maneno niliyokuwa nayo. Watu wakatega ndoo. Saini haikuja, Mkuu akahamishwa, akaja mwingine, na kila mwezi nilisema mwezi ujao nitahamisha.

Halisi iko kimya kwa sababu haina namba hata moja ya kutumia ujumbe. Kimya nilichokusifia ni cha huku. Huku tunanyamaza ili tusikie wengine. Ofisini kwako kelele ndiyo watu.

Namwomba dereva arudi usiku huuhuu. Anasema hana ekseli ya pili.

Shangazi

---

Ofisi ya Maji
28 Mei

Shangazi,

Sijapata barua yako yoyote tangu niliyokuandikia, na huenda ni vizuri, maana sijui ningeifunguaje.

Niliondoa. Alhamisi, kama nilivyosema. Mkono uliniuliza, "Una uhakika?" Mimi, ambaye sijawahi kuwa na uhakika na kitu tangu nizaliwe, nikaandika ndiyo. Mistari ikapita haraka: imeondolewa, imeondolewa, imeondolewa. Mwishoni kabisa ulitokea mstari mmoja nisiouelewa, "Jedwali limebaki: lina komeo." Nilidhani ni mzaha wako mwingine. Mkuu akanipigia makofi mawili, akasafiri kwenda kwenye mkutano akiwa na amani.

Jana, Jumatatu, alikuja Mzee Koki. Unamjua, yule anayezunguka na ule ufunguo mrefu akifungua koki kubwa za mitaa. Alisimama mlangoni viatu vikivuja.

"Nyinyi watu, leo mmenipa mji wa viziwi?"

Dada wa Dirishani, anayepokea malalamiko, akamuuliza kuna nini.

"Nimefungua mtaa wa juu, maji yamekuja mpaka yamechoka. Hakuna ndoo hata moja! Yamemwagika barabarani, bata wanaogelea. Na zahanati haikufungua tangi lake. Muuguzi anasema hakuambiwa. Mama wanaojifungua pale wanabebewa maji kwa madumu kutoka mtaa wa mbali."

Dada wa Dirishani akatoa simu yake. "Ajabu. Mimi mwenyewe sijapata tangu wiki iliyopita. Ujumbe wa mwisho huu hapa." Akasoma kwa sauti, akicheka kwa mazoea kabisa: "Ndugu, maji yanakuja mtaa wenu leo mchana. Tega ndoo, acha uvivu."

Shangazi, niliyasikia yale maneno nikajua. Niliuondoa mji.

Nilikimbilia kompyuta nikaita halisi. Ilijibu kwa adabu yake yote: "Nimetuma ujumbe kwa watu sifuri. Hakuna kosa." Nikajaribu kuipandisha majaribio upya, kwa kuwa maandishi ya programu bado yapo kwenye folda. Ikafika katikati ikagoma: "Haikuwezekana. Jedwali lipo tayari." Nikajaribu tena, ikagoma palepale. Ndiyo kusema hata kurudisha siwezi.

Leo nimetembea na Mzee Koki mtaa kwa mtaa. Yeye anafungua, mimi napiga kelele. Unajua sauti yangu, darasani nilikuwa naombwa kurudia. Mtaa wa kwanza nilisema, "Samahani, maji." Mzee Koki akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, unawaomba radhi au unawapa maji?" Mtaa wa pili nikapaza kidogo. Mtaa wa tatu nilipofikia uzio wa zahanati nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, "Maji! Tegeni ndoo! Acheni uvivu!" Dirisha likafunguka, muuguzi akatoa kichwa akasema, "Aa, sasa ndiyo nyinyi."

Nikiwa pale nilikuwa nacheka. Sasa nimerudi kwenye kiti na kimeanza kucheza. Mkuu anarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Hakuna aliyemwambia. Dada wa Dirishani anasema nitulie, mitambo huharibika yenyewe, nani atajua. Niseme, Shangazi, au nitulie?

Mwanao,
Komeo

---

Bondeni
2 Juni

Mwanangu,

Barua yako imeletwa na gari lililoleta ekseli; ile yangu ya "usiondoe" bado iko hapa ndani ya lori, na itakufikia ukiwa umeshaondoa. Iweke utakapoiona. Ni kumbukumbu ya mwanamke aliyechelewa.

Sasa vuta pumzi. Lile kosa linalokutisha ni habari njema kuliko zote. "Jedwali lipo tayari" maana yake namba zote za mji zipo salama. Unajaribu kujenga jedwali jipya pale lilipo la zamani, ndiyo maana linakukatalia. Usilijenge. Iambie programu itumie lililopo. Na ukishafanya hivyo, usiipandishe tena kama majaribio. Pandisha halisi, uiunganishe na jedwali hilo, iwe halisi kweli.

Kwa nini lilibaki? Siku nilipolitengeneza niliweka sharti kwamba hata mtu akiondoa kila kitu, jedwali lisifutike. Chombo kilitaka nilipe sharti hilo jina. Nikamkumbuka mtoto mmoja aliyekuwa akishuka kitandani kwenda kugusa mlango. Wote tulikuwa tunamcheka. Mlango wetu haukuwahi kukutwa wazi.

Swali lako la tatu nililiruka kwa makusudi. Nilikuwa nimeanza kuandika jibu, nikaona aibu kwamba mwanangu aliyesoma atajua kazi yangu bora iliendeshwa miaka yote kwa jina la majaribio. Nikasema nitamweleza polepole. Ona polepole yangu ilikokufikisha.

Mwambie Mkuu. Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na bata.

Shangazi

---

Ofisi ya Maji
9 Juni

Shangazi,

Shikamoo mara mbili, moja kwa kila barua, maana zote zimefika kwa lori moja jana.

Ngoja nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine bila kuonekana najisifu. Zilinikuta nimeshamaliza. Siku moja baada ya kukuandikia nilikaa mbele ya lile kosa, si kwa ujasiri, kwa kuchoka tu kuogopa. Nikalisoma taratibu kama sentensi ya mtu. Jedwali lipo tayari. Nikajiuliza, kitu kilichofutika kinawezaje kunizuia njia? Ndipo nikakumbuka ule mstari wa komeo. Nikafungua maandishi ya programu, nikapata mahali palipoandikwa tengeneza, nikabadilisha iwe tumia. Niliandika *mkono pandisha*, nikataja halisi. Mistari ikapita. Haikugoma.

Kabla ya kuwatumia wote nilijisajili mimi mwenyewe nikaiita kwa namba yangu tu. Simu ikatetemeka mezani. Sijui kwa nini nilisimama.

Lakini maneno ya halisi ni yale ya kiofisi, na bado yalihitaji saini. Kwa hiyo Ijumaa nilimngoja Mkuu mlangoni na karatasi mkononi, nikamweleza yote kabla hajavua koti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa.

"Nani alikuruhusu kuondoa?"

"Wewe, Mkuu."

"Hmm." Akavua miwani akaifuta. "Kwa hiyo mji mzima umekuwa ukinywa maji ya majaribio."

"Maji yalikuwa ya kweli, Mkuu. Jina tu."

"Na zahanati?"

"Walikosa zamu moja. Nimekwenda kuwaomba radhi. Tangi lao limejaa sasa, nimeligusa kwa mkono wangu."

Hapo Mzee Koki, ambaye alikuwa amejifanya anatafuta ufunguo wake nyuma ya mlango, akasema, "Na amepiga kelele mitaa yote, Mkuu. Kwa sauti hiyohiyo ndogo."

Mkuu akasaini. Nilimwomba turudishe maneno yako ya zamani, akasema ofisi ya umma haimwiti mtu mvivu. Kuhusu kazi yangu, ameniongezea miezi mitatu ya majaribio. Dada wa Dirishani alinipa pole. Mimi nilifurahi. Nimeshaona cha majaribio kinavyoweza kubeba mji.

Sasa sikiliza, maana haya ndiyo yaliyonifanya nikuandikie leo, Jumapili.

Jana asubuhi halisi ilituma kwa mji wote kwa mara ya kwanza. Nikaandika *mkono soma*. Ile iliyokuwa kimya ikaanza kulalamika: namba hii haipatikani, najaribu tena. Nilifurahi kama mtu aliyesikia mtoto akilia baada ya kuzaliwa. Halafu ukatokea mstari huu:

"Jibu halieleweki: Dada nimekukosea nini? Leo unaniita mteja mpendwa."

Nikaitazama namba iliyojibu. Shangazi, namba hiyo naijua kwa moyo kuliko yangu. Nilifundishwa nikiwa mdogo nisije nikapotea.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Baba alikuwa uani anaziba ndoo ya bluu kwa lami. Nikamuuliza, nikijaribu kutomwaibisha, kama anajua ujumbe wa maji unatoka wapi. Akanipa simu yake bila kuinua kichwa. Ile namba ya ofisi imehifadhiwa kwa jina "Dada".

"Aliiweka mwenyewe siku ya kwanza," akasema. "Alikuja na simu yangu pale kibarazani akasema, hii ndiyo mimi."

"Lakini Baba, ni mashine."

"Kwani mimi mjinga? Najua ni mashine." Akasugua lami kwa kijiti. "Ila inaongea kama yeye. Nani mwingine kwenye mji huu angethubutu kuniambia acha uvivu?"

"Kwa nini usimwandikie tu barua?"

Alinyamaza muda mrefu, nami sasa nimejifunza kutokichukua kimya kuwa jibu, kwa hiyo nikangoja. Akasema, "Barua inataka habari. Mimi habari sina. Nina maneno mafupi tu."

Shangazi, chukua ile barua yangu ya Mei. Yale maneno niliyokunukulia nikayaita uchafu, yasome tena. Yalikuwa ya kaka yako. Alikuwa akikujibu kila zamu ya maji tangu uondoke, na mashine ikawa inaandika kwamba haieleweki. Yalikuwepo mengi sana. Mengine nilikuwa nimeyasoma na sikuyanakili, na nilipoondoa majaribio yaliondoka nayo. Komeo lilikuwa kwenye namba, halikuwa kwenye maneno. Hayo siwezi kuyarudisha kwa amri yoyote, nami nakuomba radhi kwa hilo peke yake.

Yaliyobaki ni yale matatu uliyonayo, na hili la "mteja mpendwa".

Mwanao,
Komeo

---

Bondeni
15 Juni

Kaka,

Nimekula.

Huku baridi, ndiyo, hasa alfajiri.

Ile ndoo usiizibe kwa lami, itayeyuka ukiiweka juani. Itupe. Nitakuja na nyingine mwezi wa nane, lori lisipovunjika ekseli tena.

Hujanikosea kitu.

Tega nyingine, acha uvivu.

Dada